Kufufua Vespa ya zamani nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa Vespa za ukoo wa PX (125, 150 na 200) zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1977, pamoja na ndugu zake wa India, Bajaj Chetak na LML. Mwenye Vespa ya miaka ya 1950 au 1960 atafaidika na mengi yaliyomo humu, ila vipimo avitafute vya aina yake. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Kabla ya kushika spana

1. Vespa ya marehemu babu imekaa bandani miaka mingi. Nianzie wapi?

Anza na karatasi, halafu bodi, halafu injini, halafu umeme na waya. Rangi iwe ya mwisho. Wengi hupindua mpangilio huu. Chombo kinapelekwa kwa mpiga rangi wiki ya kwanza, kinarudi kinang'aa, watu wanapongeza. Kisha inagundulika sakafu imeoza kwa chini, au waya wa gia haupiti kwenye bomba lake, na kila kitu kinafumuliwa upya. Rangi inachubuka kabla chombo hakijatoka getini.

Siku ya kwanza usiipige kiki. Injini iliyolala muda mrefu ina kutu kwenye ukuta wa silinda, na ringi zikiburuzwa juu ya kutu hiyo zinachimba mistari. Piga picha pande zote, fungua tangi unuse (petroli iliyochacha inanuka kama vanishi), kisha soma swali la 2 na la 3.

2. Nitajuaje kama bodi bado ni nzima?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Vespa haina chesisi ya mabomba kama pikipiki nyingine. Corradino D'Ascanio, aliyeichora kwa ajili ya kampuni ya Piaggio na kuitoa mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na aliifanya bodi yenyewe ya bati la chuma ndiyo ibebe uzito wote. Kwa hiyo kutu kwenye sakafu ya Vespa ni sawa na ufa kwenye nguzo ya nyumba.

Inua mpira wa katikati pale unapokanyagia. Chini yake maji hukaa miezi bila mtu kujua. Angalia eneo la kanyagio la breki, halafu ilaze chombo juu ya godoro kuukuu uone taruma zinazopita chini ya sakafu. Zigonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Toa kifuniko cha ubavu wa kushoto, pale panapokaa betri, kwa sababu asidi iliyomwagika hula bati taratibu. Mwisho kagua mshono wa ngao ya mbele inapokutana na bomba la usukani. Nyufa za rangi pale, au mikunjo midogo, zinamaanisha iliwahi kugonga kitu uso kwa uso.

Chukua sumaku, ivishe kitambaa chembamba, uipitishe bodi nzima. Inapokataa kushika, chini yake kuna puti, si chuma. Puti kidogo si dhambi. Sakafu yote ikiwa puti, mwachie mwenyewe.

3. Nitatambuaje ni ya aina gani hasa?

Usiamini nembo iliyobandikwa, maana nembo zinauzwa. Soma namba ya bodi iliyopigwa kwenye bati upande wa kulia, chini ya kifuniko cha injini. Ikianza na VNX ni 125, VLX ni 150, VSX ni 200. Namba ya injini imepigwa kwenye mkono wa injini, karibu na shokapu ya nyuma. Zilinganishe zote mbili na kadi, herufi kwa herufi.

Bodi ya 125 yenye injini ya 150 ni jambo la kawaida na si lazima liwe baya, ila ulijue kabla ya kununua pistoni. Tazama swali la 14.

4. Kadi imepotea. Ninunue tu?

Hapana, mpaka mwenye jina kwenye kadi, au warithi wake, apatikane. Tanzania Bara usajili uko TRA, Zanzibar uko ZRA, Kenya uko NTSA. Kote njia inaanzia kwa mwenye mali: ripoti ya polisi ya kupotewa, maombi ya kadi nyingine, kisha kuhamisha umiliki. Anayekuambia "tutaigonga namba nyingine" anakuuzia kesi. Na Vespa iliyosajiliwa Unguja ukitaka iishi Bara, uliza forodha kabla hujaipakia kwenye boti.

5. Itanigharimu kiasi gani?

Hakuna jibu moja. Kinachomeza fedha kwa kawaida ni kuchomelea bodi, kuchonga silinda na kununua pistoni, halafu rangi. Vitu vidogo (sili, gaskiti, waya, mipira) kimoja kimoja ni rahisi, vikijumlishwa vinashangaza. Nunua kwa awamu, ukimaliza hatua moja ndipo uagize ya pili. Mtu anayenunua taa za kromu kabla ya kujua hali ya krenki amekula mbegu.

6. Vifaa gani ni vya lazima?

Spana za milimita 7 hadi 22, soketi, bisibisi nzuri, koleo, nyundo ya mpira, filagegi za kupimia upenyo, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Halafu vipo viwili ambavyo watu hujaribu kuvikwepa: pula (kifaa cha kuvutia nje) ya magneti, yaani gurudumu zito la mwisho wa krenki linalozalisha umeme, na soketi yenye meno ya nati ya klachi. Mafundi wa mtaani huzungusha nati ya klachi kwa tindo na nyundo. Utaijua Vespa iliyopita mikononi mwao, nati imeliwa kama muwa. Pula ya magneti inauzwa, na fundi mkerezaji anaweza kukuchongea.

## Kufumua

7. Nitafumuaje bila kuchanganya vitu?

Picha kabla ya kila nati, na makopo. Kila sehemu kopo lake: usukani, breki ya mbele, kabureta. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika. Waya za umeme zifungie utepe wa karatasi wenye namba pande zote mbili za kiungio kabla ya kukitenganisha.

Ukifungua usukani, tandika shuka chini. Gololi zitamwagika, ni ndogo na zinapenda kukimbilia chini ya kabati. Usitupe chochote mpaka chombo kitembee, hata kipande kilichovunjika, kwa sababu ndicho utakachokwenda nacho Kariakoo, Darajani au Kirinyaga Road kumwonyesha muuza spea. Maneno hayatoshi. Kila duka lina jina lake kwa kitu kilekile.

8. Injini imeganda kabisa. Nipige kiki kwa nguvu?

Utavunja meno ya kiki. Toa plagi, na ukiweza toa kichwa cha silinda, umimine dizeli iliyochanganywa na oili ya gia za otomatiki juu ya pistoni. Acha ikae siku kadhaa, ukiongeza inapokauka. Kisha weka gia ya nne na usukumesukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo. Likisogea nusu sentimita, usifurahi ukalazimisha, ongeza mchanganyiko usubiri tena.

Isipokubali, silinda itolewe na pistoni igongwe kwa kipande cha mti. Kwa vyovyote vile, iliyoganda kwa kutu itahitaji kufunguliwa. Ruka swali la 11, nenda la 14.

9. Nati na bolti hazifunguki. Nifanyeje?

Dizeli, muda, joto, kwa mpangilio huo. Moto wa gesi usitumike ukiwa hujatoa tangi. Bolti yenye kichwa kilicholiwa ichomelewe nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuilegeza.

10. Kwa nini kila mtu ananionya kuhusu rimu?

Kwa sababu rimu ya Vespa ni sahani mbili zilizofungwa pamoja kwa nati, na katikati yake kuna tairi lenye upepo. Kuna nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki, na kuna nyingine zinazoshika sahani hizo mbili. Ukifungua hizo za pili upepo ukiwa ndani, rimu inalipuka usoni pako. Toa sindano ya vali kwanza, usikie upepo wote umekwisha, ukandamize tairi kwa goti. Ndipo ufungue.

Tukiwa hapo hapo: vumbi la breki na klachi za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya breki vya miaka hiyo vinaweza kuwa na asibesto. Lowesha kwa maji ya sabuni ufute kwa kitambaa, kisha kitupe. Tairi nazo zina tarehe ubavuni, tarakimu nne ndani ya duara refu: 3209 ni wiki ya 32 ya mwaka 2009. Mpira wa umri huo hauna mjadala hata kama bado una meno.

## Injini

11. Nifumue injini nzima au nijaribu kuiwasha kwanza?

Kama inazunguka kwa mkono, jaribu kuiwasha. Injini inayowaka inakwambia ugonjwa wake, iliyofumuliwa imenyamaza. Kabla ya hapo tia vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi na uizungushe taratibu.

Pima vitu vitatu. Mgandamizo: simama juu ya kiki kwa uzito wako, inapaswa ikushikilie kabla ya kushuka. Cheche: toa plagi, iweke kwenye kofia yake, igusishe vizuri kwenye chuma cha injini upige kiki. Unatafuta cheche ya buluu inayosikika. Plagi isipogusa chuma kwenye zile za ignisheni ya elektroniki unaweza kuunguza kifaa, kwa hiyo usiining'inize hewani. Mafuta: chomoa mpira kwenye kabureta, fungua koki, yatoke kwa mkondo na si kwa matone. Vyote vitatu vikiwepo na bado haiwaki, nenda la 16.

12. Imewaka, lakini inatoa moshi mweupe kama mafukizo ya harusi.

Moshi wa dakika chache za mwanzo ni ile oili uliyomimina. Ukiendelea, na kiwango cha oili ya gia kinapungua, sili ya krenki (pete ya mpira inayozuia oili na hewa kupita) upande wa klachi imekufa na injini inanyonya oili ya gia. Dalili yake ya pili ni kinyume: oili ya gia inaongezeka na kunuka petroli. Sili hiyo iko ndani, nyuma ya beringi, hivyo injini lazima ipasuliwe. Kwa kuwa umefika huko, badilisha sili zote na beringi zote mbili za krenki. Hakuna anayependa kurudi.

13. Ninaachia mafuta lakini inaendelea kupiga resi yenyewe.

Zima haraka, usiisikilize kwa raha. Inavuta hewa pasipotakiwa, na mchanganyiko wenye hewa nyingi huyeyusha pistoni. Kwanza hakikisha waya wa mafuta haujakwama. Kama uko huru, mshukiwa wa kwanza ni sili ya upande wa magneti, na hii, shukuru, unaifikia kwa kutoa magneti na sahani yake bila kupasua injini. Wa pili ni gaskiti ya kabureta. Plagi iliyopauka kuwa nyeupe inathibitisha ugonjwa.

Unaporudisha magneti, nati yake ikazwe Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 60 hadi 65. Ya klachi ni 40 hadi 45.

14. Silinda ichongwe au nibadilishe ringi tu?

Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye mstari, ichongwe. Ukipita laini na upenyo wa ringi ukiwa ndani ya kipimo, ringi mpya zinatosha.

Vipimo vya kiwandani ni hivi: 125 ina kipenyo cha mm 52.5, 150 ina 57.8, na 200 ina 66.5, zote zikiwa na mwendo wa pistoni wa mm 57. Saizi za juu hupanda kwa 0.2, kwa hiyo ya 150 inakwenda 58.0, 58.2, 58.4. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mkerezaji pistoni na silinda pamoja, achonge akiipima pistoni ile ile. Anayechonga "kwa makadirio" halafu ukatafute pistoni ya kuingia amekuachia kazi isiyoisha.

Mtego: Bajaj Chetak inaitwa 150 lakini kipenyo chake ni mm 57, mwendo 57. Ilirithi mpangilio wa Vespa Sprint, kwani Bajaj walikuwa wakitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio kabla ya kuanza kutoa Chetak mwaka 1972. Pistoni ya Chetak haifai PX, na ya PX haifai Chetak. Dukani zote zitaitwa "pistoni ya Vespa". Nenda na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo.

15. Gia ya pili inachomoka yenyewe.

Kama marekebisho ya waya yako sawa (swali la 20), tatizo ni kile chuma chenye umbo la msalaba kinachoteleza ndani ya shafti ya gia na kushika gia moja baada ya nyingine. Ncha zake zikilika kuwa mviringo hazishiki. Ni kipande kidogo cha bei nafuu kilichofichwa mahali pabaya, maana injini lazima ipasuliwe. Angalia pia pembe za ndani za gia zenyewe. Zikiwa zimeviringika, msalaba mpya hautadumu.

16. Kabureta nimeisafisha mara kadhaa bado inakohoa.

Umeisafisha kwa kutumia nini? Wengi huzibua jeti kwa waya wa chuma, na tundu likipanuka hata kidogo sana kipimo kimeharibika. Tumia uzi wa mshipi wa kuvulia na hewa ya pampu. Jeti ndogo ya mwendo wa chini ndiyo inayoziba kwanza, na ndiyo watu huiruka.

Angalia pia kama kabureta ya Dell'Orto imepinda. Bolti zake mbili ndefu zikikazwa kupita kiasi, mwili wa kabureta unakunjika na kitelezi kinagoma. Iweke juu ya kioo cha dirisha. Ikicheza, isugue juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo hicho mpaka itulie.

17. Oili kiasi gani kwenye petroli? Kila mtu anasema lake.

PX isiyo na tangi la oili inataka asilimia 2 ya oili ya tustroki: ml 100 kwa lita 5, au ml 160 kwa tangi zima la lita 8. Vespa za miaka ya 1950 zilitaka kiasi cha asilimia 5, na huko ndiko uzushi wa "mimina tu, oili haizidi" ulikotoka. Kwenye PX inazidi. Inachafua plagi na kuziba ekzosi. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine.

Ya gia ni kitu kingine: SAE 30, ml 250, yaani mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kiwango chombo kikiwa wima.

18. Inawaka vizuri lakini haina nguvu kabisa.

Ekzosi imejaa masizi. Itoe, ichome kwenye moto wa mkaa nje ya nyumba, igonge ikiwa imepoa, mwaga unga mweusi. Majirani waambiwe mapema.

## Umeme na waya

19. Balbu zinaungua kila nikivuta mafuta.

Rekuleta, kifaa cha kudhibiti umeme, haifanyi kazi yake, na mara nyingi si kwa sababu imekufa. Ni kwa sababu haina ethi, yaani haigusi chuma cha bodi ili umeme urudi. Ilifungwa juu ya rangi mpya. Kwangua rangi chini ya bolti yake mpaka chuma kionekane, paka grisi kidogo, funga. Fanya hivyo kwa kila ethi ya chombo.

Kwenye PX za ignisheni ya elektroniki, tazama waya zinazotoka nyuma ya magneti: ya kijani, nyekundu na nyeupe. Mpira wake hukauka na kupukutika kama ganda la kitunguu, kisha chombo kinazima kikipata joto na kuwaka kikipoa. Watu hubadilisha koili mbili tatu kabla ya kutazama hapo. Zichomelewe waya mpya zinazostahimili joto, za rangi zile zile.

20. Waya za gia na klachi nitazipitishaje ndani ya bodi?

Usichomoe wa zamani mikono mitupu. Ufunge wa zamani na mpya kichwa kwa kichwa kwa waya mwembamba na utepe, paka sabuni ya maji, mmoja avute na mwingine asukume. Ni kazi ya watu wawili, na mtoto mwenye mikono midogo ana thamani siku hiyo. Waya za gia ni mbili: mmoja ukivuta, mwenzake anaachia. Zirekebishe pamoja mpaka alama ya gia huru kwenye mshiko ilingane na gia huru ya kweli.

21. Niondoe platini (swichi ndogo inayokatiza umeme ili cheche itoke) niweke ignisheni ya elektroniki?

Inawezekana na inapunguza usumbufu. Lakini platini safi yenye kondensa nzima inatosha, na fundi yeyote wa umri fulani anaiweza barabarani. Uamuzi wako.

## Bodi, kutu na rangi

22. Nipulizie mchanga au nipige msasa?

Mchanga wa shinikizo kubwa huipinda ngao ya mbele, na punje zake hujificha kwenye njia za waya na kikombe cha usukani zikatoka mwezi wa sita zikiwa ndani ya gololi. Dawa ya kuondolea rangi, kikwanguo na msasa ni polepole, ila bati linabaki bati. Kasha la injini lisipulizwe mchanga kwa hali yoyote.

23. Tangi limejaa kutu ndani.

Siki nyeupe lita kadhaa, nati chache au kipande cha mnyororo ndani, tikisa, acha usiku mzima, tikisa tena. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi, kisha maji safi, kausha juani siku hiyo hiyo, na umalizie kwa petroli yenye oili kabla kutu mpya haijaanza. Badilisha gaskiti ya koki. Ya zamani itavuja, usijidanganye.

24. Sakafu imetoboka. Natafuta mchomeleaji wa namna gani?

Wa bati jembamba, anayechoma nukta nukta na kuacha lipoe, si wa mageti. Kabla sakafu haijakatwa, chomelea nondo ya muda kutoka ngao ya mbele hadi chini ya kiti. Bila hiyo bodi inajikunja, na utaendesha Vespa inayotembea kama kaa. Kata kiraka kwa kiraka, tangi likiwa limetolewa na kupelekwa mbali.

25. Naweza kupulizia rangi uani?

Kwa rangi ya kawaida ya thina, ndiyo: asubuhi kabla ya upepo, ardhi imemwagiwa maji, barakoa ya chujio la mkaa. Rangi za hardena zina isosaiyaneti, ambayo hushambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii. Hizo wapelekee wenye chumba na vifaa.

Fungisha chombo kizima kabla ya rangi, kikiwa na praima tu, ukitembeze. Kisha fumua, paka, funga tena. Ni kazi mara mbili, na ndiyo inayookoa rangi.

26. Rangi ya asili imechakaa lakini ipo. Nipake upya?

Kama kutu ni ya juu juu tu, iache. Ioshe, ipake nta. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na hao wanaotafuta Vespa za zamani hutazama hilo kabla ya mng'ao. Sisemi hivi kwa anayeitaka iwe nyekundu ya kwenda nayo Forodhani jioni. Chombo ni chake.

## Ikishatembea

27. Baada ya pistoni mpya niiendesheje?

Kilomita 500 za mwanzo usiibane gia moja kwa mwendo mmoja, badilisha badilisha, usiivute mpaka mwisho, usibebe mtu mlimani. Plagi ikitoka na rangi ya chokoleti, kabureta iko sawa. Upepo wa tairi kwa PX ni kiasi cha psi 18 mbele na 26 nyuma, 36 nyuma ukipakia abiria. Nati ya gurudumu la nyuma ikaguliwe tena baada ya safari chache. Inataka Nm 90 hadi 110 na pini yake.

28. Spea za bodaboda zinaingia?

Balbu, honi, betri na nyaya za umeme, ndiyo. Plagi, hapana. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia plagi ya uzi wa mm 12, Vespa ni mm 14, na kwa 125 na 150 yenye shingo fupi ya mm 12.7. Kwenye hizo mbili, plagi ya mm 14 yenye shingo ndefu itaingia vizuri na kugongana na pistoni. Muulize muuzaji B7HS au inayolingana nayo; mwenye 200 aulizie plagi ya aina yake.

29. Na spea za LML?

LML ilitengenezwa India kwa ushirikiano na Piaggio, na sehemu nyingi zinaingia PX moja kwa moja: breki, waya, rimu, sehemu nyingi za gia. Pima kwanza pistoni, silinda na kabureta.

30. Nakaa karibu na bahari. Kutu itarudi?

Itarudi, suala ni kasi. Oshea maji ya kisima yasiyo na chumvi, puliza nta au oili ndani ya taruma na mapango ya bodi kila baada ya masika, na usiifunike kwa turubali la plastiki linalofuga unyevu. Shuka la pamba linatosha.

31. Ilijifunga ghafla ikiwa ya moto. Ilipopoa ikazunguka. Niendelee nayo?

Irudishe nyumbani kwa kirikuu. Kwanza jikumbushe kama tangi la mwisho lilitiwa oili (swali la 17), kisha kagua hewa ya wizi (swali la 13). Halafu tazama kofia inayofunika silinda. Injini hii inapozwa na feni ya magneti, na ile kofia ndiyo inayopeleka upepo kwenye mapezi. Mafundi huitoa "ipumue", na hapo ndipo inapoungua. Toa ekzosi uchungulie pistoni kupitia tundu lake. Ukiona mikwaruzo ya wima inayong'aa, silinda itoke, na uko tena kwenye swali la 14.